Smuthi ya matunda na mboga: jani alichane mtoto mwenyewe

Wazazi wengi huanza smuthi za watoto kwa nia ya kuficha. Spinachi inasagwa mtoto akiwa chumba kingine, inazamishwa kwenye ndizi na embe, kisha glasi inaletwa mezani kana kwamba ni matunda matupu. Mtoto anakunywa, mzazi anashusha pumzi. Tatizo linakuja baadaye. Mtoto huyo hajawahi kushika jani la spinachi, hajui harufu yake, na siku akiliona kwenye sahani linabaki kitu kigeni kwake. Tena akigundua kuwa alikuwa anafichiwa, huanza kuchunguza kila glasi anayopewa, na hapo hata smuthi ya embe peke yake ataikataa.

Kwa hiyo hapa tunashikilia jambo moja: mboga isifichwe. Iletwe ikiwa nzima, mtoto aioshe, aichane, aionje mbichi akitaka, kisha aitumbukize yeye mwenyewe kwenye jagi la blenda. Mtoto mdogo anaweza kuhitaji kukutana na ladha mpya mara 10 au hata 15 kabla ya kuikubali, na kuishika kwa vidole nako ni kukutana nayo. Akiichana leo na asiinywe, kazi imeanza.

Glasi iwe ndogo

Tunda likisagwa, kuta za chembe zake hupasuka na sukari iliyokuwa imefungiwa ndani hutoka. Ndiyo maana nchini Uingereza sukari ya matunda yaliyosagwa huhesabiwa kundi moja na ya juisi, na wataalamu wa huko hushauri kwamba juisi na smuthi kwa jumla zisizidi mililita 150 kwa siku. Smuthi ina faida moja juu ya juisi: nyuzinyuzi hazijachujwa. Ila bado ni kinywaji, na kinywaji hupita haraka. Mtoto atachoka kutafuna machungwa kabla hajamaliza matatu, lakini machungwa matatu yaliyosagwa atayameza kwa dakika moja.

Vipimo tunavyotumia ni hivi: mwenye umri wa mwaka 1 hadi 3, mililita 100. Kuanzia miaka 4, mililita 150, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kikombe cha mililita 250. Aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji smuthi kabisa. Akishaanza vyakula, mpe rojo zito la tunda au mboga kwa kijiko, maana anachojifunza wakati huo ni kula.

Mpe smuthi pamoja na chakula au mara baada ya chakula, kwenye kikombe cha wazi. Isitiwe kwenye chupa ya kunyonyea, wala asizunguke nayo mchana kutwa akionja onja. Kila akionja, meno huoshwa upya kwa sukari na asidi. Na kama mchanganyiko una chungwa, nanasi au limao, subiri angalau nusu saa kabla ya kumpigisha mswaki, kwa sababu asidi hulainisha tabaka la juu la jino kwa muda. Maji ya kusukutua anaweza kupewa palepale.

Kazi za mikono midogo

Mtoto wa miaka 2 anaweza kuosha matunda kwenye beseni, kuchana majani vipande vipande na kumenya ndizi uliyomwanzishia kwenye ncha. Wa miaka 3 au 4 hukata ndizi na papai lililoiva kwa kisu cha mezani kisicho na makali, na kumimina maji kutoka kikombe kidogo kwenda kwenye jagi. Miaka 5 na 6 wanamenya chungwa, wanatoa mbegu na kusoma mistari ya kikombe cha vipimo. Kisu chenye makali kinasubiri miaka 7 au zaidi, mtu mzima akiwa amesimama pembeni, na vidole vya mkono unaoshika tunda viwe vimekunjwa ndani ili kisu kigonge fundo la kidole badala ya ncha.

Kuosha majani kunastahili kufundishwa vizuri, kwa sababu watu wazima wengi hukosea. Kata mizizi na ncha za mashina, jaza beseni maji, zamisha majani na uyatikise kwa mikono kama nusu dakika. Kisha *nyanyua majani* uyaweke kwenye chujio. Ukimwaga maji juu ya chujio majani yakiwa ndani ya beseni, mchanga uliokuwa umetulia chini unarudi juu yake. Mwambie mtoto apitishe kidole chini ya beseni: akihisi chembe, maji yanabadilishwa na kazi inarudiwa. Kazi hii watoto huipenda kwa sababu ina jibu la ndiyo au hapana ambalo wanaliona wenyewe. Matunda ya kumenywa, kama embe, tikiti na chungwa, nayo yaoshwe kwa maji yanayotiririka kabla ya kumenywa, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Sabuni haihitajiki kwenye tunda lolote.

Angalia pia kile mtoto anachokula wakati wa kusaidia. Mtoto anayepika ni mtoto anayeonja, na hapa kwenye meza ndipo hatari ya kukabwa ilipo, kuliko kwenye glasi. Zabibu nzima, karanga nzima, vipande vinene vya karoti mbichi na tufaha gumu visiachwe karibu na mtoto mdogo. Zabibu zikatwe kwa urefu, vipande vinne kila moja, hata kama zinakwenda kusagwa.

Kuhusu blenda yenyewe kuna sheria moja isiyo na siku ya mapumziko: plagi haiingii ukutani mpaka jagi likae mahali pake na kifuniko kifungwe. Kiganja cha mtu mzima kinakaa juu ya kifuniko, kidole cha mtoto kinabonyeza swichi. Ikibidi kufungua ili kukoroga, plagi inachomolewa kwanza, kila mara, hata kama ni kwa sekunde mbili. Mtoto akikuona umeruka hatua hiyo mara moja, ameshajifunza kuwa inarukika. Blenda ya mkono, ile ya kuchovya ndani ya chombo, kisu chake kiko wazi chini, kwa hiyo aitumie mtu mzima peke yake, na visu visikwanguliwe kwa kidole kamwe.

Mlio unawatisha baadhi ya watoto, na si deko. Mwambie kabla, mpe nafasi ya kuziba masikio au kusimama mlangoni, hesabuni pamoja tatu, mbili, moja. Taulo lililokunjwa chini ya blenda hupunguza mtetemo mezani. Akiogopa bado, amalize kutia vitu jagini na arudi wakati wa kumimina.

Kanuni ya vipimo

Kwa glasi mbili za watoto, jumla ya mililita 300 hivi, tia:

- kimiminika mililita 100 hadi 120 (maji, maziwa au mtindi mwepesi)
- tunda gramu 120 hadi 150
- mboga gramu 20 mwanzoni, ukipanda taratibu hadi 60
- kitu cha kuleta uzito: nusu ndizi, robo ya parachichi, au vijiko viwili vya mtindi mzito

Gramu 20 za spinachi changa ni konzi moja ya mtu mzima. Ndizi ya wastani ikishamenywa ina gramu 100 hadi 120, kwa hiyo nusu yake ni 50 au 60. Anza na mboga kidogo kwa sababu mtoto akikataa mara ya kwanza, mara ya pili anakuja na uamuzi tayari. Wiki ya kwanza konzi ndogo, wiki ya tatu konzi mbili, na mtoto aone wazi kuwa zimeongezwa. Mwache ahesabu majani.

Sukari haiongezwi. Utamu unatokana na ndizi iliyoanza kuwa na madoa ya kahawia kwenye ganda, kwani wanga wake umeshageuka sukari. Ndizi yenye ncha za kijani itafanya smuthi iwe na ukakasi, na hapo ndipo mkono wa mzazi hukimbilia kopo la sukari. Jua pia kwamba baridi hupunguza utamu unaosikika ulimini: mchanganyiko uleule ukiwa na matunda ya friza utaonekana mchachu zaidi kuliko ukiwa wa kawaida. Kwa hiyo onja kabla ya kuamua kuwa umekosea, na ukitaka kurekebisha, ongeza ndizi.

Barafu hatuipendi. Inazimua ladha, na vipande vilivyobaki bila kusagika ni hatari kwa koo dogo. Badala yake gandisha matunda: kata ndizi vipande vya unene wa sentimita moja, vitandaze kwenye trei visigusane, viache kwenye friza mpaka viwe vigumu kabisa, kisha uvihamishe kwenye mfuko. Ukivirundika vikiwa bado laini vitashikana kuwa bonge moja ambalo blenda ya nyumbani haitaliweza.

Rangi huamua kabla ya ulimi

Hapa ndipo smuthi nyingi nzuri zinapoishia kwenye sinki. Spinachi ni ya kijani, stroberi ni nyekundu. Ukizisaga pamoja hupati kijani wala nyekundu, unapata rangi ya tope. Ladha inaweza kuwa nzuri sana, na mtoto wa miaka 4 hataigusa.

Weka rangi kwa ukoo. Kijani huenda na njano na nyeupe: spinachi au tango pamoja na embe, nanasi, ndizi, parachichi, tufaha la kijani. Rangi ya machungwa huenda na njano: karoti, chungwa, embe, papai. Nyekundu huenda na zambarau: bitiruti, stroberi, tikiti maji, zabibu nyeusi. Mtoto wa miaka 5 akishaelewa jambo hili ataanza kupanga mwenyewe, na ni vizuri umwache afanye mchanganyiko mmoja wa tope kwa kiasi kidogo sana, mililita 50, aone kwa macho yake.

Rangi pia haikai. Rangi ya kijani ya majani hufifia na kuelekea kwenye kijani cha zeituni ikikaa na asidi, kwa hiyo smuthi ya spinachi yenye limao inayong'aa ikitoka kwenye blenda itakuwa imefifia baada ya muda. Tufaha, ndizi na parachichi hugeuka kahawia kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani yake (protini inayoharakisha mabadiliko kwenye chakula) hukutana na hewa. Matone ya limao huchelewesha jambo hilo. Dawa kubwa zaidi ni kunywa palepale, ndani ya dakika 10 au 15.

Mpangilio ndani ya jagi

Kwa blenda ya jagi yenye visu chini, mpangilio ni kimiminika kwanza, kisha majani, kisha vitu laini, na vilivyoganda juu kabisa. Kimiminika kikiwa chini, visu hupata kitu cha kuzungusha tangu mwanzo, na uzito wa matunda yaliyoganda unasukuma majani chini. Kwa zile blenda ndogo ambazo kikombe hugeuzwa kichwa chini, panga kinyume, kwa kuwa kitakachoingia mwisho ndicho kitakachokutana na visu.

Majani yanahitaji hatua mbili, hasa kama blenda yako si ya nguvu. Saga kwanza majani na kimiminika peke yake sekunde 30 hadi 40. Zima, chomoa plagi, chota kidogo kwa kijiko na udondoshe tone kwenye sahani nyeupe. Ukiona vipande vya majani vinavyoelea, rudia. Ukiona maji ya kijani yaliyo sawa, ndipo utie matunda na kusaga sekunde 30 nyingine. Mpe mtoto kazi ya kukagua hilo tone. Kipande kimoja cha jani kilichonasa kwenye meno ndicho kinachomfanya aseme hataki tena, wala si ladha ya spinachi. Majani makubwa yaliyokomaa yatolewe mshipa mgumu wa katikati kabla ya kuchanwa.

Karoti mbichi huacha chembechembe kama mchanga kwenye blenda za kawaida. Ipike kwa mvuke dakika 8 hadi 10 mpaka uma uingie bila kulazimisha, iache ipoe kabisa, ndipo uisage. Isisagwe ikiwa ya moto. Mvuke ukikosa pa kutokea husukuma kifuniko juu, na uji wa moto huruka. Na jagi lolote lisijazwe kupita theluthi mbili.

Sasa yale yanayokwama. Mara nyingi utasikia kabla hujaona: mlio wa mota unabadilika ghafla, unakuwa mwembamba na wa juu, huku vitu vya juu vimetulia kama havihusiki. Hapo kumetokea mfuko wa hewa kuzunguka visu. Kuendelea kubonyeza hakusaidii, kunachemsha mota tu. Zima, chomoa plagi, sukuma vitu chini kwa mwiko wa mbao, ongeza vijiko viwili vya maji, endelea kwa kubonyeza na kuachia mara tano sita. Mota ikitoa harufu ya kuungua, iache ipumzike. Blenda nyingi za nyumbani hazikuundwa kukimbia mfululizo zaidi ya dakika moja, kitabu chake kitakueleza.

Povu jingi juu linatokana na kusaga kwa kasi kubwa muda mrefu. Punguza kasi mwishoni, au iache smuthi itulie dakika mbili na ukoroge kwa kijiko. Ikijigawa, maji chini na nyuzi juu, imekosa kitu cha kuishikilia: ndizi, parachichi au mtindi. Ikiwa nzito mno, ongeza kimiminika kijiko kimoja kimoja. Ikiwa nyepesi, tia vipande vitatu vya ndizi iliyoganda. Na uchungu? Tafuta mbegu za chungwa, ngozi nyeupe ya ndani ya machungwa au limao, au mbegu za pasheni zilizosagwa. Pasheni ipitishwe kwenye chujio kwanza, na mtoto aisukume kwa mgongo wa kijiko.

Nanasi na maziwa

Kuna uchungu mwingine unaostahili aya zake, kwa sababu huwachanganya watu. Smuthi ya nanasi na maziwa ni tamu ikitoka kwenye blenda. Unaimimina, mtoto anamalizia mchezo wake, anarudi baada ya nusu saa, anaonja na kukunja uso. Mzazi anafikiri ni deko. Akionja yeye, kweli ni chungu.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho hukata protini. Kikikutana na maziwa au mtindi, huzikata protini za maziwa vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi. Papai lina chake, papaini, na kiwi lina aktinidini. Hakuna kilichoharibika, wala maziwa hayakuwa mabovu. Ni kazi ya kimeng'enya tu, na ndicho kinachowasha ulimi ukila nanasi jingi.

Njia za kukwepa ni tatu. Ya kwanza, nanasi, papai na kiwi visagwe na maji badala ya maziwa. Ya pili, kunywa mara moja. Ya tatu, chemsha vipande vya nanasi dakika tano na uviache vipoe, maana joto huua nguvu ya kimeng'enya. Nanasi la kopo tayari limeshapashwa moto kiwandani, kwa hiyo halileti tabu hii, ila chagua lililowekwa kwenye juisi yake badala ya sharubati ya sukari. Kuganda kwenye friza hakusaidii: kimeng'enya kinalala tu, kikipata joto kinaamka.

Usichanganye hilo na maziwa kukatika. Limao au chungwa likimiminwa kwenye maziwa huyafanya yagande vipande vipande kwa sababu ya asidi. Ukitaka limao na ulaini kwa pamoja, tumia mtindi, ambao umeshaganda na umezoea uchachu.

Michanganyiko mitatu ya kuanzia

Kila mmoja hutoa glasi mbili za watoto.

*Ya kijani.* Maji mililita 120, spinachi changa gramu 20, embe lililoiva gramu 100, nusu ndizi iliyoganda. Majani na maji kwanza, kisha vingine. Vitamini C ya embe husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga. Hata hivyo, tusiisifu spinachi kupita kiasi: ina oksaleti nyingi zinazoshikilia kalsiamu, kwa hiyo isiwe mboga pekee ya kila siku. Ibadilishe na tango, karoti au maboga yaliyopikwa.

*Ya machungwa.* Karoti moja ya wastani iliyopikwa na kupoa, gramu 60. Chungwa moja lililomenywa na kutolewa mbegu, gramu 130 hivi. Vijiko viwili vikubwa vya mtindi mzito usio na sukari, maji mililita 50. Mtindi uwe wa mafuta kamili: rangi ya karoti, ambayo mwili huigeuza vitamini A, huhitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe vizuri. Asiyetumia maziwa atie kijiko kimoja cha chai cha siagi laini ya karanga, kama karanga hazimdhuru.

*Nyekundu.* Bitiruti iliyochemshwa gramu 40, tikiti maji lisilo na mbegu gramu 180, stroberi gramu 60, matone machache ya limao. Kimiminika hakihitajiki kwa kuwa tikiti lina maji ya kutosha. Katika huu tikiti litangulie chini ya jagi. Limao linapunguza ile harufu ya udongo ya bitiruti. Mvalishe mtoto aproni, na usishtuke kesho yake ukikuta mkojo au kinyesi kimeingia wekundu. Kwa baadhi ya watu rangi ya bitiruti hupita hivyo na haina madhara. Wajulishe na wengine wanaomlea, maana wasiojua hukimbilia kuhofia damu.

Kila kitu kipya kiingie peke yake. Maziwa, karanga, kiwi na stroberi ni miongoni mwa vinavyoweza kuleta mzio, na ukitia vinne vipya siku moja hutajua ni kipi kilichomtoa mtoto vipele.

Visivyoingia kwenye jagi

Asali asipewe mtoto aliye chini ya miezi 12, hata tone, hata kama inasagwa na vingine. Inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu), ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia kukua, na blenda haiviui. Mayai mabichi na maziwa mabichi ambayo hayajachemshwa hayaingii kwa umri wowote wa utoto. Maji yawe yale ambayo mtoto angeyanywa.

Mbegu za tufaha zitolewe, kwa kuwa zina amigdalini ambayo ikisagwa hutoa sumu ya sianidi. Mbegu moja mbili zilizomezwa nzima hazina shida, lakini blenda huzivunja. Karanga na korosho ziwe siagi laini, au zisagwe mpaka zipotee kabisa. Vipande vilivyobaki ni hatari kwa walio chini ya miaka 5. Mbegu za chia zisitiwe kavu: kijiko kimoja cha chai kiloweke kwenye maji vijiko vitatu vikubwa kwa dakika 15 kwanza, zivimbe nje ya tumbo.

Ikibaki, na jagi linapokwisha kazi

Kilichobaki kwenye jagi, ambacho hakijaguswa na midomo, kikae kwenye chombo kilichojazwa hadi juu na kufunikwa, ndani ya friji, na kitumike ndani ya saa 24. Kilichokaa mezani zaidi ya saa 2 kimwagwe, na kama joto la chumba linapita nyuzi 32, saa 1 inatosha. Kilichobaki kwenye kikombe cha mtoto hakirudi kwenye friji, mate yameshaingia. Michanganyiko ya nanasi na maziwa usijaribu hata kuihifadhi.

Njia bora zaidi ni kugandisha. Mimina kwenye vikopo vidogo vya vijiti mara tu unapomaliza kusaga, acha nafasi ya nusu sentimita juu kwa kuwa barafu huvimba, na mtoto achomeke kijiti baada ya nusu saa, smuthi ikiwa imeanza kushika, ili kisimame wima. Ikiyeyuka isigandishwe tena.

Jagi lioshwe kabla halijakauka. Jaza maji ya uvuguvugu hadi nusu, tia tone moja la sabuni ya vyombo, funga kifuniko, saga sekunde 20 hadi 30, mwaga, suuza. Mtoto abonyeze swichi kwa sheria ileile ya mwanzo. Kisha mtu mzima afungue kitako chenye visu na autoe ule mpira wa kuzuia maji uliozunguka: chini yake hukaa uji mwembamba wa matunda usioonekana, na ndio unaoleta harufu ya uchachu ambayo watu huidhania ya plastiki. Mpira ukaushwe kando, na wakati wa kuurudisha hakikisha umekaa tambarare pande zote. Ukijikunja mahali pamoja tu, smuthi ya kesho itavujia kwenye mota. Bitiruti na karoti zikiacha doa kwenye jagi la plastiki, lisugue kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia kabla ya sabuni. Rangi ya karoti huyeyuka kwenye mafuta, ya bitiruti hutoka kwa maji ikiwahiwa.